Kibao cha Buluu

Mpendwa Baba Furaha,

Nakuandikia barua nisiyojua pa kuituma. Tuko Toronto, mtaa wa Parkdale, ghorofa ya sita, na bado naogopa mlango. Siku ile Uvira tulikuwa tunakula ugali na ndagala, wanajeshi wakagonga kwa ngumi. Ukainuka ukilamba vidole. "Usifunike sahani, nakuja." Ukaenda nao, na mpaka leo sijapata habari zako.

Juzi asubuhi nikasikia ngumi zilezile, safari hii ukutani. Pu! Pu! Nikamkokota binti yetu hadi bafuni, nikamziba mdomo. Alipojinasua akaniambia kwa Kiingereza, ndiyo lugha yake siku hizi, kwamba ni jirani tu. Najua ungenicheka. Lakini kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake.

Jirani ni bibi wa Kiajemi. Nilipokwenda kulalamika alinivuta ndani, akanionyesha vibao vya kuchapia vitambaa, urithi wa babu ya babu yake. Vimechongwa maua kwenye mbao ngumu, vimekuwa vyeusi kwa rangi na jasho la mikono. Anachovya kibao kwenye rangi, anakiweka kitambaani, anakipiga ngumi. Kila rangi ina kibao chake. Cha buluu kilipotea alipokuwa anakimbia kwao, kwa hiyo kila ua lake lina doa jeupe katikati. Nikamuuliza, kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza, mbona asipake tu kwa brashi. Akanitazama kama nimemtukana.

"Na kikipatikana, kitakaa wapi?"

Nililia palepale, mume wangu. Maana akina mama wa kanisa walikuwa wamepanga kuja Jumamosi na masufuria yao. "Mama Furaha, vraiment, kwa kweli, bwana hayuko tena. Tufanye matanga." Wana huruma, siwalaumu. Ila naogopa. Nikikulilia ukiwa hai, nitakuwa nimekuchuria. Nisipokulilia, nawe umelala mahali bila kaburi, mimi ni mke gani?

Jana nimewaambia wasije. Wamenuna, na mimi sijui kama nimekutendea wema au ubaya.

Kama uko njiani, nakuomba kitu kimoja. Ukifika usigonge. Simama pale nje upige hodi, niisikie sauti yako.

Mkeo, bado mkeo,
Mama Furaha