Mlango wa Shetani Upande wa Kaskazini

Jumapili, Julai 2012. Glenwood, Durban.

Jua lipo ila halina nguvu, na upepo umezirusha nguo zetu hadi uani kwa jirani. Sina furaha wala huzuni. Nina insha.

Mhadhiri wetu wa usanifu majengo alinipa kanisa dogo la shamba huko Wales niliandikie, mimi Mwislamu wa Tanga ambaye hata Ulaya yenyewe sijaiona. Wiki nzima nimeishi na picha zake. Kuta za mawe ya palepale, paa lililobadilishwa mara kadhaa, michoro ya watakatifu iliyopakwa chokaa nchi ilipotoka Ukatoliki kwenda Uprotestanti, mnara wa kengele uliokuja baadaye. Na kwenye ukuta wa kaskazini, mlango mdogo uliozibwa kwa mawe.

Wenyeji husimulia kuwa mlango huo ulikuwa ukifunguliwa mtoto anapobatizwa, ili shetani apate pa kutokea.

Nilimsimulia Mama Ombeni, Mkongo ninayeishi naye nyumba moja, msusi wa saluni mjini. Nilidhani tutacheka. Hakucheka. Mwanawe Ombeni alikuwa abatizwe leo, kwenye bohari wanalolikodi kwa ibada kule Jacobs, na mlango wa pembeni wa bohari lile hufungwa kwa mnyororo tangu waumini waibiwe simu. Akaenda kuwaomba wazee wa kanisa waufungue. Walikubali shingo upande: lazima mtu aulinde, maana wao wakati wa maombi hufumba macho.

Akanichagua mimi.

Niliona aibu. Hadithi nilimletea mimi, na vitabu vinaitilia shaka: huenda mlango ulikuwa wa maandamano ya ibada tu, kisha ukazibwa kwa sababu ya baridi. Jana nilimweleza yote hayo akiwa anamwogesha mtoto, nikihofia nimemharibia siku yake.

Hakuinua hata kichwa.

"Shetani atoke, asitoke, weye fungua tu, dada," alisema. "Kwetu watu ya bunduki waliingia na mulango ya mbele. Sisi tulipona sababu nyuma kulikuwa wazi."

Kisha akaendelea kummwagia mtoto maji.

Basi leo nilisimama pale na ushungi wangu, mnyororo mkononi. Maji yalipomgusa Ombeni, nikasukuma mlango. Vumbi na moshi wa viwandani vikaingia, mzee mmoja akakohoa. Sikuona kitu chochote kikitoka. Mama Ombeni peke yake hakufumba macho. Aliutazama ule uwazi mpaka amina ya mwisho, mabega yakamshuka, ndipo akaanza kulia taratibu.

Insha inatakiwa kesho. Kwa nini mlango ulizibwa? Nimeandika "baridi", nikafuta, nikaandika tena, kwa sababu ndilo jibu lenye alama. Ila najiuliza: hao walioziba mlango wao kwa mawe, hawakuwahi kukimbizwa na mtu?