Watu wa Barafuni na Koko wa Milimani

Jumatano, mwezi wa saba. Mvua na upepo tangu asubuhi. Wanasema theluji imeanguka kule kwenye milima ya Drakensberg, na baridi yake yote imetushukia sisi hapa mjini Greyville, huku kusini mwa Afrika.

Leo nimemkumbuka mama yangu sana.

Kila Jumapili mama hupanda kilima kutafuta mtandao atupigie kutoka Kongo, na kila mara anaomba kusikia sauti ya mjukuu wake. Mwanangu Neema anasema "hello", anakimbia. Kiswahili anakisikia vizuri, kukiongea ndiyo hataki. Jumapili iliyopita mama akaniambia, "Huyu mtoto nitakufa sijamsikia."

Sasa leo. Nafundisha kreshi, yaani chekechea, watoto wa miaka mitano na sita, Neema akiwa mmoja wao. Somo lilikuwa Wainuit, wenyeji wa kaskazini ya mbali, ambako baridi inagandisha hata bahari. Niliwaeleza nguo zao za ngozi: ya ndani manyoya yanagusa mwili, ya nje manyoya yanatazama upepo. Na taa ya mafuta ya sili, mnyama wa baharini mwenye mafuta mengi, ambayo mama wa nyumba aliichunga isizimike.

"Teacher, si wawashe heater?" akauliza mmoja.

Nikamwambia siku hizi wanazo, na pikipiki za theluji pia, lakini mababu zao waliishi bila hizo, tena waliishi vizuri.

Kisha, kuwaonyesha jinsi mafuta yanavyozuia baridi, nikaleta ndoo ya maji ya barafu. Nikajaza mafuta mazito ya kupikia kati ya mifuko miwili ya plastiki, kila mtoto akavaa mkononi kwa zamu. Eish, kelele! Mkono mtupu wanautoa mbio wakipiga mayowe, wenye mafuta wanauacha humo huku wanapiga soga.

Hapo nikajikuta nasimulia nisichopanga. Kwetu ni milimani, juu ya Uvira, kwa watu wa ng'ombe, na asubuhi za kiangazi majani yanakuwa meupe kwa baridi. Mama alitupanga kando ya moto akatupaka siagi ya ng'ombe, uso, masikio, hadi katikati ya vidole, ndipo atuachie twende shule. Darasa zima tulinuka maziwa, na hakuna aliyemcheka mwenzake. Mungu wangu, natamani kunuka vile tena, hata siku moja tu!

Neema alikuwa ananitazama.

Kufika nyumbani, hata viatu hajavua, anataka simu. Bahati nzuri mama alikuwa ameshuka sokoni, mtandao ukamkuta.

"Koko, uko na baridi?"

Koko, yaani bibi, na kwa Kiswahili. Mtoto wangu!

"Baridi iko," mama akasema polepole. "Ongea tena."

Neema akaongea tena. Akauliza kama ng'ombe nao wanatetemeka, akauliza kama nilikuwa nalia nikipakwa siagi, akacheka peke yake. Mama anajibu, anamwita jina lake, anajibu. Mimi niko jikoni nalia, maharage yanaungua, wala sijali.

Waliongea mpaka yuniti za simu zikaisha.

Sasa amelala. Kabla ya kufumba macho ameniuliza tutaenda lini kumwona koko. Nimesema karibuni.

Ee Mungu, safari hiyo nitaianzia wapi?