Nguvu za Lori la Baba Konso

Jumatatu, 3 Juni
Nozeli za malori mawili leo, vile vipulizia dizeli, zote chafu. Mgongo unauma. Jioni mume wangu, Baba Konso, kaingiza lori lake gerejini kwangu Msamvu, akaomba tena niiongezee injini nguvu. Akipandisha mbolea milimani Mgeta anajikongoja. Akifika juu, wenzake wamekwishapakia kabichi nzuri. Nimekataa. Nilikuwa fundi pampu kabla sijawa mke wake.

Jumatano, 5 Juni
Nimekubali. Nimechoka kumwona akirudi na uso ule. Nimefungua kidogo skrubu ya mafuta kwenye pampu, nikaongeza na upepo wa tabo, ile feni inayosukumia injini hewa. Injini ikanguruma vizuri mno. Nilifurahi, sina haja ya kujidanganya. Nimemwonya: mafuta mengi ni moto mwingi, asikanyage mfululizo.

Jumamosi, 8 Juni
Kafika Nyandira, sokoni kule Mgeta, wa kwanza. Anapiga miluzi. Lakini bomba la moshi limejaa masizi, na mbolea kaongeza magunia bila kuniuliza. Nguvu nilizompa kazigeuza mzigo. Naogopa.

Jumanne, 11 Juni
Nimepanda naye, nisikilize mwenyewe. Mlimani moshi ulikuwa mweusi. Wanawake wenye matenga wakageuza nyuso. Mshale wa joto ukapanda.
"Simama, Baba Konso! Unaiua injini!"
"Nikisimama hapa na mzigo huu, hatuondoki."
Hakusimama. Kwenye kona injini ikaishiwa nguvu, lori likarudi nyuma kuelekea korongoni. Breki zikashika. Nikaruka, nikasukumia jiwe chini ya tairi. Tabo ilikuwa nyekundu kama kaa. Tulikaa pale mpaka ikapoa. Mwishowe kafungua sanduku la vifaa mwenyewe, akanipa spana. Nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Nusu ya magunia tukayaacha kwa mama mmoja kando ya barabara.

Alhamisi, 13 Juni
Nimeifungua tabo. Nzima. Bahati tu. Nina hasira naye, lakini mimi ndiye niliyeijua hatari. Nilifungua ile skrubu kwa sababu nilitaka anisifu.

Jumapili, 16 Juni
Misa ya kwanza. Ukungu mlimani. Jana kachelewa, kapata kabichi ndogondogo. Hakununa. Jioni, naosha vyombo, kasema, "Mama Konso, kesho twende wote Mgeta."
Nikamuuliza injini ina mlio gani mbaya nije kuusikiliza.
"Haina mlio. Twende tu."
Nimemwomba mdogo wangu aje akae na Konso.