Minyoo Waliooga Sabuni

4 Mei

Babu, mume wangu wa kwanza, shikamoo. Magoti yanasemaje? Bibi mzima?

Sisi huku hatujambo, ila baba mkwe. Tangu astaafu ufundi kwenye gereji ya mabasi, analala ameutazama ukuta. Haongei. Daktari katuonya: asipotembea, miguu itamgomea kabisa. Nikakukumbuka wewe na mshipi wako, tukamtafutia fimbo ya kuvulia. Sasa asubuhi anajikongoja mpaka bwawani kutafuta sangara, na kila siku anarudi mikono mitupu. Jana kaapa: mwezi ukiisha bila samaki, fimbo anaitia jikoni iwe kuni, na nje hatoki tena.

Minyoo wa chambo nawaandaa mwenyewe, kwa usafi wote. Tunakosea wapi?

Mjukuu wako

11 Mei

Mke wangu mdogo, marahaba. Magoti yanalalamika, lakini nimeyazoea kama redio ya jirani. Bibi yako mzima. Leo kanigombeza tangu alfajiri, kwa hiyo afya anayo. Msalimie yule kijana aliyekuiba. Sijamsamehe.

Barua yako nimeisoma nikakwama hapo pa "usafi wote". Hebu nijibu, wewe mfuaji wa mashuka ya hospitali, bila kuona haya: hao minyoo umewaogesha?

Babu yako

15 Mei

Shikamoo Babu. Niliwaogesha. Kwa sabuni ya maji, ile yenye harufu ya limau, kisha nikawasuuza mara mbili. Mume wangu kacheka mpaka kakaa chini. Usimwambie Bibi. Tusaidie upesi.

Mjukuu wako

19 Mei

Mke wangu, marahaba. Bibi yako nimemwambia. Anacheka mpaka sasa, chai imechemka imemwagika.

Sikiliza. Minyoo waachieni watoto. Sangara ni mlafi mwenye kiburi, anataka kitu kinachotapatapa. Mpeni kisamaki hai, cha ukubwa wa kidole. Ndoano ipite juu juu kwenye ngozi ya mgongo, kiendelee kuogelea. Na wewe usikiguse, unanukia kama bwana harusi! Halafu mzee asirushe katikati ya bwawa ili watu wamwone. Sangara hakai hapo. Kajibanza pembeni ya magugu, kama mimi nikisikia bibi yako ananitafuta.

La mwisho ndilo gumu kwa fundi, maana mafundi mkono wao ni wa kukaza tu. Akiguswa, asivute! Aachie uzi. Samaki ageuke na chambo, ameze, ndipo avute. Ukivuta mapema ni sawa na kumpokonya mtu kijiko mdomoni.

Babu yako

6 Juni

Mke wangu, hamjambo? Mbona kimya? Mwezi umeisha. Kama fimbo imeshapikia maharage, niambie tu, nimeshakula habari mbaya zaidi ya hiyo. Bibi yako hata utani kaacha, anaulizia barua yako posta kila siku.

Babu yako

8 Juni

Shikamoo Babu, unisamehe. Nilikuwa nasubiri mzee anyamaze ndipo niandike, na hanyamazi.

Siku ya mwisho ya mwezi nilimsindikiza. Akarusha pembeni ya magugu, akaguswa, akaachia uzi. Alipovuta, fimbo ikapinda mpaka ncha ikanywa maji. Sangara akaruka, tukamwona, mpana kama mto wa kulalia! Kisha uzi ukakatika.

Babu, nikajua ndiyo basi. Mzee akautazama uzi unavyoning'inia, halafu akaanza kumtukana yule samaki kwa jina la kila kipuri cha basi anachokijua. Njia nzima anafoka, mimi nyuma natota jasho, simfikii.

Leo tangu asubuhi yuko mitaani, anatafuta uzi mnene duka hadi duka. Kaniagiza nikuandikie hivi hivi alivyotamka: "Mwambie huyo babu yako mwenye maneno mengi, kama ni mvuvi kweli, aje. Asipokuja, namfuata kwa miguu."

Mjukuu wako