Vigurudumu vya Meza ya Baba

Voi
12 Septemba 1998

Kaka Fawaz,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii inawakuta huko Malindi mkiwa wazima, wewe, shemeji Aliya na watoto. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, na Baba, alhamdulillahi, sasa anakwenda msalani kwa fimbo bila kushikwa. Salamu zimekwisha. Sasa nisikize.

Nani alikutuma uingie karakana yangu nikiwa sipo? Nilikwenda Wundanyi kupeleka kibao cha mfano kwa mwalimu mkuu anayetaka majina kwenye milango yote ya shule. Narudi, nakuta nyaya zimekatwa kwa koleo, mota mbili zimetupwa kwenye karai, na ile meza ya chuma ya Baba, ya kuchongea, umeipakia kwenye pikapu ukairudisha barazani kwa Baba. Miezi minne ya kazi, Fawaz! Mota nilizichomoa kwenye printa mbovu nilizookota ofisi kwa ofisi. Kompyuta nilimwomba Kimeu, fundi wa redio, mpaka akanichoka. Meza iliyokuwa ikisogezwa kwa mkono, kushoto kulia, mbele nyuma, nikaifanya isogee yenyewe na kuchonga jina la mtu kwenye shaba. Wewe ukaona takataka!

Tena ukamwambia Mama kuwa mimi ni mwizi. Wewe ambaye Baba alipopigwa na kiharusi ulikuja hospitali mara mbili tu, umeshika machungwa! Hata siri ya mashine nilipewa na Baba mwenyewe. Herufi za mviringo zilikuwa hazifungi, kwa kuwa skrubu za meza zimelika na zina mchezo, zinazunguka kidogo kabla ya kuivuta meza. Nikamwuliza pale kitandani yeye alikuwa akifanyaje. Ulimi ulikuwa mzito, lakini akanionyesha kwa kidole juu ya shuka: kila unapogeuza njia, robo ya kwanza ya mzunguko ni bure, meza haijasogea, basi usiihesabu. Nikaiagiza kompyuta hivyo hivyo, na O ikafunga.

Alifurahi mno. Alidhani nimekubali kukaa kuzungusha vigurudumu kwa mkono kama yeye alivyozungusha miaka yote ya karakana ya reli. Sikumsahihisha.

Na vile vigurudumu viwili vya kusogezea meza, unavyonidai kila barua, havipo. Siku daktari alipotwambia tujitayarishe, nilirudi Voi nikaifungua meza, na vigurudumu nikampa mnunuzi wa vyuma chakavu. Nilisema moyoni, nani atavizungusha tena? Nimekutukana kurasa mbili, kaka, lakini mimi ndiye niliyemzika Baba angali anapumua.

Hilo si baya kuliko yote. Juzijuzi aliniita barazani, akapapasa pale vilipokuwa, akauliza viko wapi. Nikamwambia umekwenda navyo wewe Malindi kuvisafisha. Akacheka, akasema Fawaz hana haraka, lakini atavileta. Tangu hapo akimaliza chai anaketi mbele ya ile meza, mkono wake mzima juu ya chuma, anakungoja wewe.

Hasira yangu kwako haijapoa, usijidanganye. Lakini njoo umwambie kuwa havipo. Mimi nimejaribu mara tatu, na kila mara nimeishia kumwuliza kama amekunywa dawa.

Msalimie shemeji Aliya sana, na watoto wape mkono wangu.

Nduguyo,
Mwinyihaji