Jiko la Kimo cha Kigoda Changu

Baba Danieli,

Usishtuke ukiyasikia maneno yangu kwa sauti ya Mika. Mdogo wako ndiye anayeibeba barua hii kwenye gari moshi, nami nimemtaka asimame kaburini pako aisome yote, hata pale panapomsema yeye mwenyewe. Mika, soma polepole. Usiruke.

Sitakuja. Nimelitanguliza hilo kwa sababu nakujua: kila barua ulianza kuisoma mwisho, uone kwanza kama kuna msiba, ndipo urudi juu kwenye salamu. Basi msiba wako ndio huo. Sitakuja Mpwapwa kulala kando yako. Nitazikwa hapa Temeke, na jambo hilo nimekwisha kulijengea kwa matofali.

Ngoja nikueleze.

Nimekuwa mtu wa kushikwa mkono kwenda chooni. Miguu imevimba, kifua kinakoroma hata nikiwa macho, na daktari amenikataza chumvi na nyama, kana kwamba nikiviacha nitabaki. Sitabaki. Mvua za vuli sidhani kama zitanikuta. Usinililie kwa hilo. Nimeishi, nimefundisha, nimemkuza mtoto na nimemzika mume. Lakini habari za ugonjwa wangu zilifika kwenu, na ukoo ukakaa kikao. Maiti haisafirishwi kutoka Dar es Salaam mpaka huko isipokuwa ya tajiri, kwa hiyo wakaona bora nisafirishwe ningali napumua. Danieli akaletewa ujumbe: baba yake mdogo atakuja kunichukua baada ya Pasaka. Mahali pangu pako tayari, wamepazungushia mawe pembeni yako. Hakuna aliyeniuliza.

Ujumbe huo ulipokuja, mimi nilikuwa natafuta jiko.

Lile lako limekufa. Unayakumbuka yale machuma ya kitanda uliyoyaokota jalalani Kurasini, wakati ule ukiwa karani bandarini. Uliyalaza juu ya mawe uani ukasema, “Mama Dani, hapa hata ng’ombe mzima atalala.” Hewa ya chumvi iliyala kidogo kidogo. Jumamosi moja wanawake wangu wamekaa, mbavu ziko motoni, machuma yakakatika katikati na nyama yote ikaingia majivuni. Kisha Bi Zuwena, jirani yetu mwenye duka, yule ambaye babu yake alitoka Uarabuni, akajifunika mdomo kwa ukaya akasema, “Mwalimu, kitanda kimevunjika na mwenyewe hayupo.” Walicheka wakalaliana. Nami nilicheka hadi nikashikwa na kikohozi. Usinune. Ungekuwepo ungecheka kuliko sisi.

Nimesema wanawake wangu, na hao huwajui. Ulipokufa nilirudi hapa, nyumba ikawa kubwa mno kwa mtu mmoja. Nikaanza kumfundisha Bi Zuwena herufi za Kizungu. Za Kiarabu anazijua tangu utoto wake, lakini alichoka kusomewa barua za duka na wanawe, huku akijua wanaruka mistari. Akamleta dada yake. Wakaja wake za makuli, akaja na muuza maandazi wa kona. Sasa Jumamosi asubuhi uani hapatoshi. Tukimaliza masomo tunachoma nyama, kila mtu na alichokuja nacho. Anayechinja ni mtoto wa Bi Zuwena, ili wote tuweze kula, na nguruwe hapiti pale kabisa. Anayechoma ni mimi.

Ndiyo, mimi. Katika ukoo wenu mwanamke hashiki kisu cha nyama choma. Mwanamume husimama motoni, hukata, hugawa: mbavu kwa wageni na wazee, paja kwa ndugu zake, na mke huletewa shingo. Ndoa yetu yote nimekula shingo. Uliniletea kwa upendo, najua, ulinichagulia kipande chenye nyama nyingi. Sikuipenda hata siku moja. Nilipenda mbavu. Nilikaa kwenye mkeka nikazitazama zikinipita kwenda kwa watu ambao hata majina yao sikuyajua, nami mwanamke mwenye cheti cha ualimu niliona haya kusema kwamba nataka mbavu. Hayo ulikuwa huyajui. Sasa unayajua.

Basi tukaanza kutafuta. Danieli alikuja kutoka Kinondoni amebeba jiko la Mzungu mmoja wa ofisini kwao, anayerudi Uingereza. Kitu kizuri, sikatai. Chuma chembamba chenye rangi ya kijani, kina mfuniko, na miguu inakunjwa. Alilikunja na kulikunjua mbele yangu kama mtu anayeuza miavuli.

“Tazama, Mama, jepesi. Hata ukisafiri unaweza kwenda nalo.”

Nikamwuliza, “Nasafiri kwenda wapi?”

Akaitazama miguu ya jiko. Ndipo akanieleza habari ya Mika na mawe.

Mwanao siku hizi anakwenda kwenye mikutano. Anasema Mwingereza hana haki ya kumwamulia mtu mweusi akae wapi ndani ya nchi yake mwenyewe, na anasema vizuri, kwa sauti yako ileile. Nikamwambia, “Mwingereza asikuamulie wewe pa kukaa, lakini wewe umwamulie mama yako pa kufia?” Alilikunja jiko, akaondoka nalo kwapani, na hakuonekana mpaka hasira ilipomwisha. Au aibu. Kwake hujui ni ipi, na hilo pia amelitoa kwako.

Bi Zuwena akanipakia kwenye gari la mwanawe tukaenda mtaa wa Gerezani kwa mafundi wa mabati. Pale wanayapasua mapipa ya lami kwa urefu, wanayatia miguu ya nondo, wanatandika wavu wa chuma juu, na huku na huku wanaweka vishikio. Alilizunguka moja, akaligonga kwa pete yake, akaridhika. “Chukua hili, Mwalimu. Mvua ikija, au siku ukiondoka, wanalibeba watu wawili tu.”

Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anafikiria mvua. Lakini mie niliwaona palepale, Danieli upande mmoja na Mika upande wa pili, wameshika vishikio, wanatoka mlangoni, na juu ya wavu ni mimi. Nikasema turudi nyumbani. Bi Zuwena akauliza, “Haya, mama, unataka jiko la namna gani?” Nikamwambia nataka lisilo na pa kushika.

Kwa hiyo nikamwita mwashi. Fundi Selemani alikuja na uzi na mwiko wake, akaanza kupanga matofali kwenye kona ya uani, pale lilipokuwa bafu la zamani. Alipofika usawa wa kiuno chake akasimama kuitazama kazi yake. Nikamwuliza mbona limekuwa refu.

“Bibi, jiko la kuchomea nyama ni kimo cha kiuno, mchomaji asiiname.”

“Kiuno cha nani?”

“Cha mchomaji.”

“Mchomaji ni mimi,” nikamwambia, “na mimi siwezi kusimama.”

Nikaomba kigoda changu. Nikakaa, nikanyoosha mkono kama mtu anayegeuza nyama, nikamwonyesha: hapa. Akashusha matofali, akapima tena, akatikisa kichwa. “Mwanamume akija kuchoma hapa ataumia mgongo.” Nikamwambia basi akae chini kama mwenziwe. Alicheka, akaendelea. Kabla ya kuweka tabaka la mwisho akanionya tena, kwa adabu, maana ni kijana mwenye adabu. “Bibi, hili likikauka haling’oki. Atakayelitaka itabidi alivunje.” Nadhani alitaka nifikiri vizuri. Nilikuwa nimekwisha kufikiri. Nilimwambia aweke.

Mika alifika udongo ukiwa bado mbichi. Mika, hapa ndipo usipopapenda, lakini soma. Alikuja na blanketi jipya la kunifunika njiani na chupa ya asali, akaniamkia kwa heshima, akaliona jiko, akafikiri ni la Danieli. Danieli alikuwa amenunua mbuzi wa kuniaga. Wote wawili walikubaliana kwamba tule kwanza ndipo twende stesheni. Nikasema sawa, lakini jiko halijakauka. Kwa hiyo mdogo wako akakaa hapa siku baada ya siku, akiligusa lile jiko kila asubuhi kuona kama liko tayari, akidhani anangoja mbuzi.

Jumamosi ikafika. Mtoto wa Bi Zuwena alichinja, wanawake wakasoma, moto ukawashwa. Mika akavua koti lake, akalitundika kwenye kamba ya nguo, akachukua kisu. Kwa desturi ilikuwa haki yake, yeye ndiye mwanamume mkubwa wa ukoo uani pale. Akainama. Akainuka, akajishika kiuno. Akainama tena, moshi ukampata usoni. Akachuchumaa, magoti yakamkatalia. Bi Zuwena akasema, “Mgeni, unasali au unachoma?”

Wanawake walitazama chini. Mika akanigeukia. Akaniona nilivyokaa kwenye kigoda changu, mkono wangu usawa wa wavu, na hapo nikaona kwamba ameelewa. Hakuelewa jiko tu. Akaja, akaniwekea kisu mapajani.

Niligawa mimi, Baba Danieli. Mbavu nilijitwalia na kuwapa wanawake. Danieli nilimpa paja, ni mwanangu. Mdogo wako nilimpa shingo.

Alitafuna muda mrefu. Akauliza, “Shemeji, hiki ndicho mlichokuwa mkila nyie?”

“Siku zote,” nikasema.

Akaendelea kutafuna. Baadaye, watu walipotawanyika, akakaa kwenye mkeka karibu yangu akaniambia tiketi yangu anayo mfukoni, na kwamba hatanilazimisha. Aliniomba jambo moja. “Shemeji, mie nikienda nitamwambia nini kaka? Mimi siwezi kusimama pale na kusema umekataa.” Nikamwambia hana haja ya kusema. Nitasema mwenyewe, yeye atasoma.

Basi nasema.

Ile asubuhi ya mwisho, nyumbani kwa Mika, ulinishika mkono ukasema, “Usiniache huku peke yangu.” Nikakuahidi kwamba nitakuja kulala kando yako. Haikuwa kweli. Nilijua wakati naitamka kwamba si kweli, kwamba nitakuzika na kurudi Temeke na kukaa. Ulikuwa unaogopa. Mtu niliyeishi naye, ambaye hakumwogopa Mjerumani wala Mwingereza wala mkubwa wake wa kazi, alikuwa anaogopa, na mkononi sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Ukinirudisha leo kwenye ukingo wa kitanda kile, nitaahidi tena maneno yaleyale, na nitarudi tena Temeke. Siombi msamaha. Nimemweleza Mungu hivyohivyo, tumeliacha hapo.

Sikukimbii wewe. Nakukosa mpaka leo nikisikia mtu anakohoa barabarani kwa namna yako. Lakini huko mimi ni mke wako, basi. Ni jina zuri, nililibeba kwa furaha. Hapa wananiita Mwalimu, na watakaonibeba kwenda makaburini ni watu ambao najua kila mmoja anavyoshika kalamu. Bi Zuwena hataingia kanisani, amekwisha kuniambia, ila atasimama nje mlangoni mpaka nitoke. Nyumba nimemwandikia Danieli, kwa sharti kwamba uani hapafungwi siku ya Jumamosi. Amekubali. Alikuja jana, akakaa kwenye kigoda, akageuza nyama kwa mara ya kwanza katika maisha yake akiwa amekaa, akasema moto unapendeza zaidi ukiwa usawa wa macho.

Mika, ukimaliza kusoma, yaondoeni yale mawe. Msiache pengo pale kama jino lililong’oka, watu wakaanza kumsikitikia kaka yako. Pandeni karanga.

Na wewe, mume wangu, nisikilize kwa mara ya mwisho. Siku tutakayoamshwa, kama tulivyofundishwa na kama ninavyoamini, wewe utaamka huko na mimi huku, na mmoja wetu itabidi asafiri. Nilikufuata kutoka nyumbani kwa baba yangu mpaka kwenu. Nilikufuata kutoka kwenu mpaka Dar es Salaam. Nilipokurudisha Mpwapwa, kichwa chako kilikuwa mapajani mwangu njia nzima. Sasa ni zamu yako. Panda gari moshi pale stesheni ya Gulwe, teremka mwisho wa reli. Naahidi kwamba nitakuwa stesheni, nimesimama kwa miguu yangu mwenyewe, na ahadi hii naiandika nikijua ni ya kweli.

Kwaheri, Baba Danieli.

Mkeo, Mwalimu Ester