Dampo Linataka Bonde la Mama

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla kichwa hakijapasuka. Mimi ni diwani, mama wa makamo, na halmashauri yetu na ya jirani zinatafuta mahali pa kujenga dampo moja la pamoja, na kwenye kamati kura zimegawanyika nusu kwa nusu, imebaki ya kwangu tu. Sehemu ni mbili, moja iko jirani na visima vya watu, nyingine ni bondeni nilikokulia kabla hatujahama, ambako mama alikuwa akifyatua matofali na sisi watoto tukimbebea maji, na wahandisi wanapasifia bondeni kwa kuwa udongo wake ni mfinyanzi mzito, haupitishi maji machafu, na ni kweli, mashimo tuliyochimba yalishika maji ya mvua kiangazi chote, tukayafanya bahari yetu. Mshauri, nikifumba macho bado namwona mama akirusha mchanga ndani ya kalibu, kile kisanduku cha kufyatulia, ili tope lisigande, bado nasikia harufu ya tanuri likinyeshewa, na siku moja nilikanyaga tofali bichi akaniambia, "Liache, litachomwa hivyo hivyo, kuna mtu atajenga nyumba na mguu wako," nikacheka mpaka nikakaa chini. Sasa ripoti ya kamati inasema bondeni "hakuna mtu", nami kwa ujinga wangu nikamsomea mama mezani, akaweka kijiko chini akaniuliza, "Kwani mimi nilikuwa mbuzi?" Tangu siku hiyo ananiita mheshimiwa, mimi niliyetoka tumboni mwake, na anasema nikipageuza jalala nisikanyage kwake. Nikipinga, nitakuwa nimewapelekea wenzangu taka kwenye maji yao ya kunywa. Nifanye nini?

Diwani Niliyebanwa

Diwani, pole, na mama mpe pole zangu. Ila naona jibu unalo, unatafuta mtu wa kulisema kwa niaba yako. Haya, nalisema: ni bondeni. Ulichaguliwa na watu wanaochota maji leo. Na tusidanganyane, bonde lile mlilihama wenyewe, tanuri limezimika siku nyingi, na kura yako haitaliwasha. Mimi nililelewa nyuma ya karakana ya seremala. Siku hizi ni maegesho ya magari, na kila nikipita pua yangu bado inatafuta harufu ya mbao.

Lakini mama yako hakununa bure. Mtu kafanya kazi mpaka mikono ikapasuka, kakulea kwa tope lile, kisha binti yake anamsomea kwamba hapakuwa na mtu, tena akiwa anakula. Hapo ulichemsha, mheshimiwa.

Kikaoni, waambie wenzako mapema kwamba pale ni kwenu, wasije wakalisikia njiani. Waombe maneno yale yafutwe, iandikwe nani aliishi pale na alifanya kazi gani. Wakicheka, subiri wamalize, kisha rudia. Halafu inua mkono.

Ila kwa mama nenda kabla ya kikao, na usiende na maelezo ya wahandisi. Mpeleke bondeni kabla uzio haujawekwa, mwache akuonyeshe tanuri lilipokuwa, hata kama unapajua. Akisema hatakusamehe, usibishane naye. Atalia, nawe utalia. Watu hufiwa na mahali pia, na msiba wa namna hiyo jirani haji kukupa pole. Mtapeana ninyi wawili.